Chumba cha Mwisho cha Omoke

Binti yangu Moraa alikuwa amelala kifudifudi kwenye kochi, simu mkononi, aliponiita nije nione. Alikuwa amepata mahali ambapo watu wamehifadhi michezo ya kompyuta ya zamani, ile ya wakati wetu, na alitaka kujua kama kuna mmoja niliowahi kuucheza. Niliinama nikatazama. Mtu mdogo mweupe alikuwa amesimama kwenye ukingo wa pango, chini yake shimo jekundu. Moraa aligusa kioo kwa kidole gumba, yule mtu akaruka, akaanguka, akafa. Akagusa tena, akafufuka. Akafa tena. Yote hayo yalipita kabla sijapata miwani yangu.

"Ni hii, Mama?"

"Sijui. Zote zilifanana."

"Mbona ni rahisi hivi? Si ulikuwa unasema zilikuwa ngumu?"

"Ni rahisi kwa sababu hujangoja."

"Kungoja nini?"

Nilirudi jikoni nikajikuta nimesimama mbele ya sinki, bomba linamwagika, sina chombo mkononi. Nasikia watu wa umri wangu wakisema kwamba wakiona vitu vya utotoni hupata raha fulani, kama mtu aliyeota moto. Mimi nilipata hasira, tena hasira mbichi, kana kwamba nilikosewa asubuhi ile ile. Ilinichukua muda kukumbuka kwamba nilikosewa nikiwa mtoto wa shule ya msingi, na kwamba aliyenikosea hakujua.

Mama yangu alikuwa fundi wa nguo mjini Kisii. Cherehani yake ilikaa kwenye baraza ya duka la vitambaa, mbele ya dirisha lililojaa majora yaliyosimamishwa wima. Mwenye duka alikuwa Mhindi mpole, miwani kwenye ncha ya pua, ambaye watu wote walimwita Baba Hansa kwa jina la bintiye wa pekee. Mteja alinunua kitambaa ndani, akatoka nacho hatua chache, Mama akampima na kumshonea pale pale. Mimi nilisoma shule ya mjini kwa sababu Mama alikuja mjini kila siku, na jioni nilimngoja barazani mpaka afunge cherehani turudi nyumbani kwetu, upande wa Keumbu. Harufu ya mahali pale bado naijua: kitambaa kipya chenye wanga, mafuta ya cherehani, na kutoka ghorofani, walikoishi akina Hansa, mbegu za haradali zikipasuka katika mafuta ya moto.

Hansa na mimi tulikuwa rika moja. Alianza kwa kunitazama kutoka kwenye ngazi, kisha akashuka ngazi mbili, kisha siku moja akaketi kando yangu akaniuliza kwa nini namwita mama yangu baba. Ni kweli. Kwa Kikisii mama ni baba, na baba ni tata, nami sikuwahi kufikiri kwamba jambo hilo linahitaji maelezo. Nilimweleza. Hansa alicheka mpaka akashika tumbo. Kwao walizungumza Kigujarati, kwetu Kikisii, na Kiswahili tulichokutana nacho katikati kilikuwa cha kuazima kwa sote wawili. Tulikivunja tulivyotaka, na hakuna aliyemsahihisha mwenzake.

Kompyuta ilikuja na mjomba wake kutoka Uingereza. Nilipoitwa juu kuiona sikuona kitu. Nilitegemea mashine kubwa yenye taa, nikaonyeshwa kibao cheusi kisichozidi kitabu cha hesabu, chenye vitufe vya mpira laini kama kifutio. Waya mmoja ulikwenda kwenye televisheni, mwingine ukaenda kwenye redio ya kaseti. Mjomba alikuwa amekuja pia na kaseti moja ya mchezo. Kwenye jalada lake palichorwa mtu mdogo amesimama mbele ya mlango mkubwa uliokuwa umefunguka kidogo tu, na katika ule ufa mwanga wa manjano ulimwagika mpaka miguuni kwake. Nilipenda mchoro ule kuliko picha yoyote niliyowahi kuona. Nilimuuliza mjomba mlango ule unaelekea wapi.

"Chumba ya mwisho," alisema. "Mimi mwenyewe sijafika. Ngumu sana."

Yule mtu mdogo tulimwita Omoke, yaani mdogo kwa Kikisii. Hansa alishindwa kulitamka akawa anasema Umoke, na baada ya muda hata mimi nikawa nasema Umoke tukiwa juu na Omoke nikiwa barazani.

Lakini Omoke hakuja ukimwita. Ilibidi umtoe kwenye kaseti, na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Hansa aliandika amri fulani aliyofundishwa na mjomba, akabonyeza redio, na mlio ukaanza. Sijui niueleze vipi kwa mtu ambaye hajausikia. Kwanza filimbi ndefu isiyopumua, halafu mkwaruzo mkali, kama mtu anayepitisha msumari kwenye bati huku mwingine akichemsha maharagwe makavu bila maji. Pembeni mwa kioo cha televisheni mistari ya rangi ilikimbia juu na chini. Mlio uliendelea kwa muda ambao Mama angeweza kushona kola na kuigeuza. Mjomba alikuwa amesema tusiguse chochote na tusizungumze. Basi tuliketi sakafuni magoti yakigusana, tumefumba midomo, tukitazama ile mistari kana kwamba tuko kanisani.

Mara nyingi ilikataa. Ndivyo tulivyosema: imeingia, au imekataa. Mlio ulifika mahali, mistari ikasimama, kioo kikabaki cheupe na maneno machache ya Kiingereza chini. Tulirudisha kaseti mwanzo tukaanza upya. Hansa alikuwa na bisibisi ndogo ya kukaza skrubu moja ndani ya redio, na aliikaza nusu, akailegeza robo, akaipuliza.

Mimi niliamini kwamba Omoke yumo kweli ndani ya ule utepe, na kwamba mlio ni sauti yake akijivuta kutoka. Kama mjomba alikataza kuzungumza, maana yake ni kwamba kelele inamtisha anarudi ndani. Na kelele kubwa kuliko zote pale ilikuwa ya cherehani ya Mama chini yetu. Nilishuka nikamwomba aache kushona kidogo.

"Kwa nini?"

"Kuna mtu anatoka."

Mama alitoa pini mdomoni. "Mtu gani?"

"Mtu wa kompyuta. Anaogopa cherehani."

"Mwambie ashuke hapa nimpime suruali," Mama alisema, akakanyaga pedeli.

Nilimchukia siku ile, jinsi watoto wanavyoweza kuchukia mpaka saa ya chakula. Niliporudi juu mlio ulikuwa umekatika na Hansa ameshika bisibisi.

Na kama haikukataa, mvua ilikuja. Mtu wa Kisii hahitaji kuambiwa. Asubuhi jua, mchana jua, na watoto wakitoka shule wingu limeshakaa juu ya mji. Radi ya kwanza ilipopiga, stima ilikwenda. Tulikuwa tumengoja mlio wote, Omoke ameingia, tumemvusha chumba cha maji yanayodondoka na chumba cha ndege weusi, na kioo kikazima na kubaki na nukta moja nyeupe katikati. Nukta ile ilififia polepole. Nilikuwa naitazama mpaka iishe, nikidhani labda Omoke anaweza kushikilia hapo. Stima iliporudi ilibidi tuanze kwenye mlio tena. Kompyuta ile haikukumbuka kitu. Tulilofanya jana halikuwapo.

Sijui watoto wa leo wangevumilia. Sijui hata kwa nini sisi tulivumilia. Nadhani ni kwa sababu tulicheza pamoja kwa namna ambayo sijawahi kufanya kitu na mtu mwingine tangu siku hizo. Hansa alishika vitufe vya kumpeleka Omoke kushoto na kulia. Mimi nilishika cha kuruka. Tulikuwa mtu mmoja mwenye vichwa viwili. Mwanzoni alisema "Sasa" kila tulipofika kwenye shimo. Baada ya muda hakusema tena. Nilisikia bega lake likikaza, nikabonyeza.

Ilifika siku ambayo mvua haikunyesha. Ilikuwa kiangazi, vumbi limejaa barabarani, mbingu nyeupe. Omoke aliingia kwa mara ya kwanza bila kukataa. Tulivuka maji, tukavuka ndege, tukavuka sakafu inayokimbia, tukavuka vyumba ambavyo hatukuwahi kuviona. Viganja vya Hansa vililoa akawa anavifuta kwenye sketi mkono mmoja mmoja. Tulikuwa tumeokota funguo zote zilizofichwa vyumbani. Kisha tukaona mlango. Ulikuwa juu upande wa kulia, mkubwa kama ule wa kwenye jalada, na palibaki ukingo mmoja wa kuruka.

Bega la Hansa likakaza. Chumba cha pili, mama yake akachomeka pasi.

Sikusikia kitu ila mlio mdogo wa fyuzi, kama mtu aliyebofya ulimi. Kioo kikazima. Hansa alitazama ile nukta, kisha akainuka akaenda kusimama mlangoni mwa chumba cha pili, akasema na mama yake kwa Kigujarati maneno ambayo sikuyaelewa ila nilielewa. Mama yake alikuwa ameshika pasi mkono mmoja na shati la mumewe mkono mwingine, ameduwaa. Alikuwa anapiga nguo pasi tu. Tungemlaumu vipi?

Juma lililofuata akina Hansa walikuwa wanakwenda Kisumu kwenye harusi, na mimi nilikuwa nimefikiri. Nilikuwa nimefikiri usiku na mchana, na nilikuwa nimegundua kosa liko wapi. Kosa ni stima. Kwao kila kitu ni cha stima, na stima hukatika. Kwetu hakukuwa na stima. Tata alikuwa na redio ya kaseti iliyotumia mawe ya betri, yale mawe manene ambayo yakichoka unayaanika juani yanapata nguvu. Sijawahi kusikia redio ya Tata ikikatika kwa sababu ya radi wala pasi.

"Nipe kaseti niende nayo nyumbani," nilimwambia Hansa.

"Kwenu hakuna televisheni."

"Redio yetu iko na kioo."

Nilimaanisha kile kidirisha chenye namba ambamo mshale mwekundu hutembea unapotafuta stesheni. Kilikuwa chembamba, lakini Omoke alikuwa mdogo. Niliona angetosha. Hansa alifikiri. Nadhani hakuamini, lakini alikuwa amechoka kama mimi.

"Akifika chumba ya mwisho, usicheze bila mimi," alisema. "Wewe mwache tu hapo mlangoni. Nikuje."

Niliahidi. Alinikabidhi kaseti pamoja na jalada lake, nikaitia kwenye mkoba wa shule katikati ya sweta.

Tata alikuwa mwalimu wa kwaya katika kanisa letu la Sabato. Kazi yake nyingine ilikuwa majani ya chai na migomba kama watu wote, lakini ukimuuliza angekuambia yeye ni mwalimu wa kwaya. Alikuwa pia mtu wa kutengeneza vitu. Baiskeli, taa ya karabai, saa ya ukutani ya pasta, vyote vilipita mikononi mwake vikapona. Ijumaa ile, kabla jua halijashuka na Sabato kuingia, nilichukua redio nikaiweka kwenye kigoda nje ya jiko, nikatia kaseti, nikabonyeza, nikainama nikakodolea macho kile kidirisha.

Filimbi ilianza. Kuku walitimka. Mshale mwekundu haukutikisika. Niliweka jicho karibu zaidi mpaka pua ikagusa. Mkwaruzo ulipoanza Tata alitokea kwenye chai, kikapu mgongoni, akaharakisha.

"Zima hicho kitu, Kemunto. Kitaua redio."

Nilizima. Alitua kikapu, akatoa kaseti, akaigeuza kwenye mwanga, akavuta utepe kidogo kwa kidole akautazama.

"Nani amekupa kaseti imeharibika hivi?"

"Haijaharibika. Kuna mtu ndani, anakataa kutoka."

Aliniangalia vizuri. Sikuwa na maneno ya kompyuta kwa Kikisii, na kwa Kiswahili sikuwa nayo pia, wala Tata hakuwahi kuona kompyuta. Nilijaribu kusema kuna mlango, kuna funguo, na Hansa anangoja. Machozi yalinijia, kwa sababu kadiri nilivyosema ndivyo nilivyojisikia mjinga. Tata alisikia alichoweza kusikia: kaseti ya mtoto wa Mhindi, ilikuwa na sauti ya mtu, sasa inapiga kelele, na mwanawe analia. Alichuchumaa mbele yangu.

"Usilie. Iache hapa. Mimi nitakutengenezea."

Nilimpa mwenyewe, kwa mkono wangu. Nilimpa kwa furaha, kwa kuwa Tata alikuwa akisema atatengeneza, anatengeneza. Nilimwona kichwani akikaza ile skrubu kama Hansa, ila yeye akijua anachokaza.

Sabato mchana kwaya ilibaki kanisani kufanya mazoezi ya makambi, mkutano mkubwa wa mahema ambao kila kanisa lilijiandaa kwa ajili yake kwa miezi. Watoto tulikuwa nje tukiruka kamba. Niliona kupitia dirishani redio imewekwa kwenye kiti mbele ya sauti ya kwanza, ambako Mama alisimama, na sikufikiri lolote.

Jumapili asubuhi Tata aliniita. Uso wake ulikuwa unang'aa kama wa mtu aliyeficha zawadi mgongoni.

"Imepona," alisema.

Alibonyeza. Kulikuwa na kikohozi. Kisha sauti yake mwenyewe ikatoa noti, do, mi, sol, ikahesabu, na kwaya ikaingia. Niliisikia sauti ya Mama ikipanda juu ya nyingine zote, nyembamba na safi. Tata alifuatisha kwa kidole hewani. Nilitazama kaseti kupitia kifuniko. Yale matundu mawili juu yake, ambako vipande vya plastiki kumbe vilivunjwa makusudi ili mtu asirekodi, alikuwa ameyakunjia karatasi akayaziba vizuri kabisa, kazi ya fundi.

"Sasa haikwaruzi," alisema. "Mpelekee rafiki yako. Mwambie ni kwaya yetu."

Alikuwa ananisubiri. Nilijua anasubiri nini.

"Asante, Tata," nikasema.

Nilikwenda nyuma ya migomba nikararua jani moja refu vipande vipande mpaka mikono ikawa na utomvu mweusi. Sikuwa na mtu wa kumkasirikia. Hilo ndilo lililoniumiza kupita kaseti yenyewe. Kama angekuwa ameikanyaga, kama angekuwa ameiuza, ningejua la kufanya. Lakini alikuwa ameifanya kwa mapenzi, tena kwa ustadi, na siku ile nzima nilimsikia akiimba peke yake kule kwenye chai.

Hansa alirudi kutoka Kisumu mikono imechorwa hina. Hakunipa nafasi ya kusema.

"Alifika?"

Nilimweleza. Nadhani hakuelewa mpaka alipoiweka kwenye redio yake na kuandika ile amri. Kwaya ilijaa chumbani mwao. Pembeni mwa kioo mistari ilijaribu kutokea, ikatokea miwili mitatu, ikapotea. Nilikuwa bado na tumaini, naona aibu kusema. Nilidhani Omoke yuko chini ya wimbo, kama mtu aliyefunikwa blanketi, na kwamba wimbo ukiisha atatoka.

Wimbo uliisha. Tata alisema "Amina" kwa sauti ya chini. Na baada ya hapo, kweli, mkwaruzo ukarudi, ule ule, mkali, mzima. Kwaya ilikuwa fupi kuliko mchezo. Hansa alinishika mkono. Tulitazama kioo. Mistari haikuja. Kompyuta ilikaa kimya kana kwamba haisikii, na mlio ukaendelea mpaka ukafika mwisho wake, redio ikajizima.

"Hiyo mwisho ilikuwa chumba ya mwisho," Hansa alisema polepole. "Iko. Lakini haiwezi kuingia bila mwanzo."

Tulirudia. Tulirudia siku ile na siku iliyofuata, tukiruka kwaya, tukianzia kwenye mkwaruzo, tukikaza skrubu. Chumba cha mwisho kilikuwa pale pale mbele yetu, tulikisikia kwa masikio, na hakukuwa na njia ya kukiingia. Siku ya tatu Hansa alitupa bisibisi ukutani.

"Baba yako ni mjinga," alisema.

"Si mjinga."

"Ni mjinga. Aliimba juu ya Umoke."

Nilimsukuma. Akanivuta nywele. Tulipigana kimya kimya, tukiogopa wazazi, na tulipoachana nilishuka ngazi nikakaa kando ya cherehani ya Mama nikiwa nimekunja mikono. Kilichonichoma ni kwamba mimi pia nilikuwa nimesema neno lile lile kichwani mwangu, nyuma ya migomba, na sasa ilinibidi nimtetee.

Hatukusemezana tena. Nilikuwa nangoja yeye ashuke kwanza. Labda naye alikuwa anangoja mimi nipande. Siku moja nilitoka shule nikakuta masanduku kwenye baraza, na Baba Hansa amevaa koti katikati ya joto. Nilimuuliza wanakwenda wapi.

"Uingereza."

"Kufanya nini?"

Aliniangalia juu ya miwani. Nadhani bintiye alikuwa amemweleza habari ya kaseti, na nadhani alitaka kuniliwaza, mtu mpole kama yeye.

"Kuleta ingine," alisema.

Nilimwamini. Mtoto hajui kwamba watu wazima husema hivyo wakikosa la kusema. Niliamini kwamba familia nzima inasafiri kwa ndege kwa sababu ya kaseti ambayo Tata aliitengeneza, na kwamba watarudi nayo. Hansa alikuwa ndani ya gari, nyuma, uso ameelekeza upande wa pili. Sikumpungia. Niliona sina sababu, si anarudi.

Duka lilichukuliwa na mtu mwingine, ambaye hakutaka fundi barazani. Mama alihamisha cherehani sokoni, chini ya mabati yaliyovuja. Kila nilipopita pale mjini niliinua macho kutazama dirisha la juu. Nilifanya hivyo mwaka ukaisha, nikafanya nikiwa sekondari, wakati nilipokuwa nimeshajua kwamba hawarudi na bado shingo inainuka yenyewe. Hansa sikumwona tena. Kaseti alikwenda nayo, au ilitupwa siku ya kufunga mizigo. Sijui.

Mama alifariki miaka kadhaa iliyopita. Tangu hapo Tata, ambaye sasa anatembea kwa fimbo na hasikii vizuri sikio la kushoto, huniuliza kila nikienda: "Ile kaseti niliyokutengenezea iko wapi?" Anaitaka kwa sababu ya ile sauti ya juu, nyembamba. Hakuna mahali pengine ilipohifadhiwa. Na mimi kila mara nimekuwa nikimjibu kwamba iko kwa Hansa, Uingereza, naye anatikisa kichwa akiridhika kwamba kwaya yake ilifika mbali.

Jumapili iliyofuata baada ya siku ile ya Moraa nilikwenda Keumbu. Tulikaa nje. Aliuliza kama kawaida. Sijui ni nini kilichonifanya nisijibu kama kawaida.

"Tata, ile kaseti haikuwa imeharibika."

Aligeuza sikio la kulia. Nikarudia kwa sauti.

"Na ule mkwaruzo?"

"Mkwaruzo ndio uliokuwa mchezo wenyewe. Ulikuwa unaingia kwenye mashine ya akina Hansa, unakuwa picha. Tulikuwa tumebakisha kidogo tumalize."

Alichora kitu ardhini kwa ncha ya fimbo.

"Kwa hivyo niliimbisha watu juu ya kitu kizima."

"Ndiyo."

"Na ukaniambia asante."

"Ulikuwa umefurahi, Tata."

"Nilikuwa nimefurahi sana," alikubali. Akafikiri tena. "Ungekasirika tu, Kemunto. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Ningevumilia."

Nilitaka kumwambia ni mambo ya watoto, yameisha. Nilifungua mdomo na hayo siyo yaliyotoka. Nilimwambia angeuliza. Nilimwambia angengoja mpaka Jumatatu, angemuuliza hata Mama. Nilimwambia kulikuwa na mlango, na kwamba tulikuwa na funguo zote, na kwamba Hansa aliondoka ameangalia upande wa pili. Sauti yangu ilikuwa inapanda, na mpangilio wa maneno ulikuwa wa mtoto wa darasa la nne, jambo la mwisho likitangulia la kwanza. Jirani aliyekuwa akichuma chai ng'ambo ya ua aliinua kichwa. Mimi mwanamke mzima, mwenye binti wa chuo, nilikuwa nimesimama uani kwa baba yangu nikilia kwa hasira, mikono imekunjwa ngumi.

Tata hakujitetea. Alikuwa ameweka fimbo kando na mikono yake yote miwili magotini, akinitazama usoni ili asikose neno. Nilipotua kuvuta pumzi alisogeza sikio lake zima karibu.

"Endelea," alisema.

Nikaendelea.